Kupanga Siku Juu ya Swala Tano: Mwongozo kwa Muislamu wa Nairobi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ramadhani ikiisha, au mtu akitoka kusikiliza mawaidha yaliyomgusa, mara nyingi huweka nia kubwa. Kuanzia kesho ataamka tahajudi, atasoma juzuu nzima kila siku, atafunga kila Jumatatu na Alhamisi, na mitandao ataachana nayo kabisa. Siku chache zinapita. Anachoka, anaacha kimoja, anaacha cha pili, na mwisho hata alfajiri inampita akiwa usingizini. Hapo anaanza kujidharau na kujiona si mtu wa dini.

Ninavyoona mimi, mtu huyo ameezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo. Swala tano bado hazijakaa sawa kwa wakati wake, naye keshajibebesha sunna kumi. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bi Aisha (r.a.), amesema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Kwa hivyo mwongozo huu unaanza na jambo moja tu, kuswali swala tano kwa wakati. Mengine yote, iwe nyiradi (dhikri na dua za kila siku), Qur'ani, sadaka au kuuchunga ulimi, tutayaegemeza kwenye swala mojawapo. Shika hatua moja, ikikukaa, ndipo uende ya pili.

Hatua ya 1: Zijue saa za mji wako

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 103, kwamba swala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Sisi wa Nairobi tumerahisishiwa sana hapa, na wengi hatuitambui neema hiyo. Mji wetu uko karibu kabisa na Ikweta, basi jua halituhangaishi. Ndugu aliyeko London mwezi wa Juni, Isha humwingilia baada ya saa 4 usiku, na ikifika Disemba mambo yamegeuka kabisa. Kwetu, tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa, ikizidi ni kidogo.

Alfajiri huingia kati ya saa 11 kasoro kidogo na saa 11:30, na jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:40 hivi. Adhuhuri huingia kati ya saa 6:15 na 6:50 mchana. Alasiri, kwa hesabu ya madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunaifuata, ni kati ya saa 9:25 na 10:05. Ndugu zetu wa Hanafi husubiri zaidi. Magharibi ni kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni, na Isha huingia kama saa moja na dakika kumi baada yake.

Ratiba kamili ya mwezi ichukue msikitini kwako. Hizi ni za kukupa picha. Ukishaiandika, iweke kando ya saa zako za kazi uzilinganishe. Mambo mawili yatajitokeza. La kwanza, mapumziko ya chakula cha mchana, saa 7 hadi saa 8, yamo ndani ya Adhuhuri mwaka mzima. Mwenye kazi ya ofisini hana sababu ya kuipoteza Adhuhuri. La pili ni zito: Alasiri na Magharibi zinaangukia pale pale penye safari ya kurudi nyumbani. Hilo tutalizungumza kwa urefu, maana ndipo Waislamu wengi wa mji huu wanapopoteza swala.

Hatua ya 2: Itafute alfajiri tangu usiku

Mtu anayelala saa 7 usiku halafu akategea alamu ya saa 11 amelala saa nne. Ataamka siku mbili, ya tatu mwili utamshinda. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kukaa kwenye mazungumzo baada yake. Wacha usiku wako uishe mapema. Ukiswali Isha, ukala, ukakaa na watu wako kidogo, saa 5 uwe kitandani. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki huisha karibu na saa 6 au saa 7 usiku, na vikao vya miraa havina mwisho. Hivyo viwili vimezizika alfajiri za vijana wengi Eastleigh, Pumwani na kwingineko, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ni vijana wazuri.

Simu ichajiwe mbali na kitanda. Kama unaishi chumba kimoja, iweke karibu na mlango, mahali ambapo huwezi kuifikia bila kusimama. Ukishasimama, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya kulala tia udhu, soma Ayatul Kursiy, kisha unganisha viganja, usome Ikhlas, Falaq na Nas, upulizie na kujipangusa mwilini, mara tatu. Malizia na Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Dhikri hii ya mwisho ina kisa chake. Bi Fatma (r.a.) alikuwa ameumia mikono kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) akaja nyumbani kwao usiku, akamfundisha yeye na Sayyidna Ali (r.a.) maneno haya, akawaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Dada yangu unayerudi kutoka kibaruani saa 2 usiku na bado kuna sufuria za kuosha, dhikri hii ilifundishwa mtu aliyechoka kama wewe.

Kama mko wawili nyumbani, wekeaneni ahadi: atakayetangulia kuamka amwamshe mwenzake, kwa upole.

Hatua ya 3: Dakika za mwanzo

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), mtu akilala shetani humfunga mafundo matatu kisogoni na kumwambia usiku bado ni mrefu, lala. Akiamka na kumtaja Mwenyezi Mungu, fundo moja hufunguka. Akitia udhu, la pili. Akiswali, la tatu, na huamkia mchangamfu. Ufuate mpangilio huo huo. Kufumbua macho tu sema Alhamdulillah, kisha nenda moja kwa moja kwenye maji. Ujumbe wa simu usome baada ya swala.

Julai na Agosti maji ya Nairobi huuma. Kueneza udhu vizuri wakati wa tabu ni miongoni mwa mambo ambayo Mtume (s.a.w.) ametaja kuwa hufuta makosa na kupandisha daraja, lakini hakuna aliyekukataza kuyapasha moto. Jaza chupa ya chai maji ya moto usiku, alfajiri uyachanganye na ya baridi kwenye birika. Mtaa ambao mfereji hutoka mara mbili kwa wiki, weka ndoo ya udhu peke yake ili isiishie kwenye vyombo.

Swali rakaa mbili za sunna kabla ya faradhi, hata kama umechelewa kidogo. Hizo Mtume (s.a.w.) amesema ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Kama msikiti uko karibu na njia ni salama, nenda jamaa, yaani swala ya pamoja. Sayyidna Uthman (r.a.) amepokea kwamba aliyeswali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na aliyeswali Alfajiri kwa jamaa ni kama aliyesimama usiku mzima. Kama mtaani kwako watu huibiwa gizani, kuogopea nafsi na mali ni udhuru wa kisheria. Swalisha mke na watoto nyumbani, hiyo nayo ni jamaa.

Ukimaliza, usiinuke haraka. Nyiradi za asubuhi ni nyingi na vijitabu vyake vimejaa mjini, lakini anayeanza achague tatu tu: Sayyidul Istighfar (dua kuu ya kuomba maghfira) mara moja, *Bismillahilladhi laa yadhurru ma'asmihi shay'un fil ardhi walaa fissamaa'i wahuwas-Samii'ul-'Aliim* mara tatu, na *Subhanallahi wabihamdihi* mara mia. Ni dakika chache tu kwa jumla. Baada ya mwezi ongeza ya nne ukitaka.

Hatua ya 4: Njiani

Ukivuka mlango: *Bismillah, tawakkaltu 'alallah, walaa hawla walaa quwwata illa billah.* Ukishakaa kwenye matatu: *Subhanalladhi sakh-khara lanaa hadhaa wamaa kunnaa lahu muqriniin, wa innaa ilaa Rabbinaa lamunqalibuun,* kutoka Suratuz Zukhruf. Muziki uko juu, hilo huna uwezo nalo, lakini moyo wako na ulimi wako bado ni vyako. Tumia njia kwa salawati na istighfari. Huhitaji tasbihi mkononi, vidole vinatosha na ndiyo sunna.

Nauli ikipandishwa ghafla kwa sababu ya mvua, hasira hupanda nayo. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye nguvu si anayeangusha watu mieleka, ni anayejizuia wakati wa hasira. Sema A'udhu billahi minash shaytwanir rajiim. Kisha amua: lipa au shuka. Kumtukana kondakta hakurudishi hata shilingi.

Hatua ya 5: Swala kazini

Hapa panahitaji maandalizi ya vitu vitatu: ruhusa, mahali na maji.

Ruhusa iombe mapema, siku ya kawaida, kabla shughuli hazijakubana. Usijifiche kwenye stoo ukaswali huku ukiogopa kukamatwa. Sema wazi na kwa adabu: "Naomba dakika kumi karibu na saa 10 jioni kwa ajili ya swala. Nitazifidia kwenye mapumziko ya mchana, na kazi yangu haitakwama." Wakubwa wengi hukubali wakiombwa hivyo, na wakishaona kazi inafanyika hawaulizi tena. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inakupa uhuru wa kuabudu na inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Ni vizuri kulijua hilo, ila usilitangulize. Anza na heshima. Na dakika kumi ziwe kumi kweli. Muislamu anayeaga kwenda kuswali akarudi baada ya nusu saa na kikombe cha chai anawafungia mlango wenzake watakaoajiriwa baada yake.

Mwenye duka Eastleigh au kibanda Gikomba hana bosi wa kumwomba, ana wateja. Elewana na jirani wa duka mpokezane, yeye akienda jamaa ya kwanza wewe uchunge, kisha ubadilishane. Suratun Nur, aya ya 37, inawasifu watu ambao biashara haiwasahaulishi kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Askari wa lango asiyeweza kuondoka aswali pale pale kwenye kibanda chake. Ardhi yote ni mahali pa kusujudia, isipokuwa palipo na najisi na sehemu chache zilizokatazwa.

Kuhusu kibla, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Nairobi, ikiegemea mashariki kwa digrii kama 7 tu. Asubuhi simama jua likiwa mkono wako wa kulia, jioni likiwa kushoto, utakuwa umeelekea kaskazini. Kisha geuka kulia kidogo sana. Dira za simu huvurugwa na vyuma vya majengo, kwa hivyo jipimie siku moja nje, uweke alama ofisini kwa dirisha au pembe ya ukuta.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Choo cha ofisi kina sinki moja, mwenzako anasubiri kunawa mikono, nawe unataka kuinua mguu. Unaona haya, unaahirisha, mwisho unasema utaswali nyumbani. Dawa yake ni hii. Kwanza, beba chupa ya maji. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nacho hakifiki lita moja, kwa hivyo chupa hiyo inatosha ukiyamimina taratibu kiganjani badala ya kuyaacha yatiririke.

Pili, nunua khufu, yaani soksi za ngozi. Maduka ya vitu vya dini huziuza. Ukishatia udhu kamili alfajiri, miguu ikiwa imeoshwa, unazivaa, zifunike vifundo vya miguu. Udhu ukivunjika mchana, hutaosha miguu tena; unalowesha vidole vya mkono na kuvipitisha juu ya khufu, upande wa mgongo wa mguu. Upande wa chini hauna lazima. Sayyidna Ali (r.a.) alisema lau dini ingekuwa kwa maoni ya mtu, chini ya khufu pangestahiki zaidi kupakwa kuliko juu, naye alimuona Mtume (s.a.w.) akipaka juu. Mkazi ana mchana mmoja na usiku wake. Msafiri ana siku tatu. Kwa Shafi muda huhesabiwa tangu udhu ulipovunjika mara ya kwanza baada ya kuzivaa: kama ulivunjika saa 3 asubuhi ya leo, mwisho wako ni saa 3 asubuhi ya kesho. Ukizivua katikati, au ukipatwa na janaba, rukhsa imeondoka. Soksi za kawaida za pamba ni suala jingine, wanavyuoni wamehitilafiana, na kwa Shafi hazifai kama ni nyepesi zinazopitisha maji.

Dada mwenye hijabu asiyetaka kuivua mbele ya watu aingize mkono uliolowa chini ya kitambaa mbele ya kichwa apake. Kwa madhehebu ya Shafi kupaka sehemu ya kichwa kunatosha.

Msala mwembamba, mwepesi, ukae droo ya ofisi. Baada ya salamu usiondoke mbio: Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar 33 kila moja, umalize mia kwa *Laa ilaaha illallahu wahdahu laa shariika lah, lahul mulku walahul hamdu wahuwa 'alaa kulli shay'in qadiir.* Ziko ndani ya dakika kumi zako.

Hatua ya 6: Alasiri na Magharibi, mtihani wa mji huu

Wengi hutoka kazini saa 11 jioni. Wakati huo Alasiri imeshaingia zamani, na kosa linalorudiwa kila siku ni kusema, "Nitaiswali nikifika." Mombasa Road, Jogoo Road, Thika Road hazikupi ahadi hiyo. Mvua ikinyesha kidogo tu, adhana ya Magharibi itakukuta bado umekaa kwenye kiti. Fanya iwe kanuni isiyojadiliwa: hupandi gari la jioni kabla hujaswali Alasiri. Mtume (s.a.w.) amesema ambaye Alasiri imempita ni kama aliyepotewa na watu wake na mali yake.

Magharibi ina ugumu wa aina nyingine, muda wake ni mfupi kuliko zote na umeangukia katikati ya foleni. Hapa una njia mbili, chagua moja uishikilie. Ya kwanza, toka kazini saa 11 kamili, uwe nyumbani kabla ya jua kuzama. Hii inawezekana kwa anayeishi South B, South C, Pangani, Kibera, au mtaa mwingine usio mbali na kazini kwake. Ya pili, usihangaike na gari la saa 11:30. Baki mjini, fanya mambo yako, Magharibi ikuadhinie msikitini, kisha ndipo upande. Jamia Mosque, msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933, uko mwendo mfupi wa miguu kutoka steji nyingi za katikati ya mji. Anayefuata njia hii hufika nyumbani amechelewa kidogo kuliko jirani aliyekaa kwenye foleni, na swala yake imo mfukoni. Mwanamke apime usalama wa steji yake usiku kabla ya kuchagua.

Ikitokea umenaswa njiani na Magharibi inaelekea kutoka, shuka. Faradhi haiswaliwi kitini kwa mtu mwenye uwezo wa kusimama na kushuka. Baadhi ya vituo vya mafuta kwenye barabara kuu vina chumba cha kuswalia, na penye makazi ya Waislamu msikiti hauko mbali. Utapoteza nauli, na nauli italipika. Tena tusidanganyane kwamba foleni ni safari. Hata Thika haifiki kilomita 50 kutoka katikati ya Nairobi, na masafa ya kupunguza swala kwa Shafi ni kama kilomita 80. Mwenye dharura ya kweli, muuguzi aliye chumba cha upasuaji kwa mfano, amuulize sheikh wake hukumu ya kukusanya swala, asijitungie.

Hatua ya 7: Qur'ani kwa kurasa

Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukurasa mmoja baada ya kila faradhi ni kurasa tano kwa siku, na kwa takriban miezi minne umekhitimu. Anayesoma polepole asome nusu ukurasa. Asiyejua kusoma atafute ustadhi wa mtaani, watu wazima wanafundishwa na hakuna aibu. Siku za mapumziko rudia ulichosoma pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, bado inaeleweka vizuri na maelezo yake ya chini yana faida kubwa.

Hatua ya 8: Ulimi, na vidole vya simu

Qur'ani imesema swala hukataza machafu na maovu. Kama tunaswali na bado tunasengenya, swala zetu zinahitaji kuangaliwa. Mtume (s.a.w.) aliieleza ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa lile analolichukia, akaulizwa, je, kama analo kweli? Akasema kama analo umemsengenya, kama hana umemzulia. Fanya hivi: kila baada ya Adhuhuri, kabla ya kukunja msala, jiulize nani nimemtaja tangu asubuhi. Ukipata jina, mwombee maghfira hapo hapo, na ukirudi mezani mtaje kwa wema mbele ya wale wale uliomsemea.

Na ghiba ya leo mara nyingi haitamkwi, inaandikwa. Picha ya mazungumzo ya mtu ikitumwa kwenye kundi la familia, anayeipokea na kuipeleka mbele ameshiriki.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Makundi yetu ya WhatsApp yamejaa ujumbe wa dini usio na asili: dua yenye idadi ya ajabu, hadithi isiyojulikana aliyeipokea, onyo kwamba usipowatumia watu kumi utapatwa na msiba. Dini haina vitisho vya namna hiyo. Mtume (s.a.w.) amesema inamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila anachosikia, na kumzulia yeye uongo ni dhambi aliyoionya kwa moto. Kabla ya kutuma, uliza: nani ameipokea, na nani ameisahihisha? Hujui, basi usitume, ijapokuwa maneno ni matamu. Mtu akikutumia uliyo na shaka nayo, mwandikie faraghani, usimfedheheshe kundini: "Shangazi, hii nimeitafuta sijaona asili yake, tuiache kwanza."

Hatua ya 9: Pesa ya simu

Kamari imehamia mfukoni. Kijana anaweka shilingi 50 akiwa stejini, na kwa sababu hakuingia jumba la kamari anaona hajafanya kitu. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Aliyenasa asijitegemee kwa azma peke yake: afute programu, azuie jumbe zao, na atafute mtu mmoja wa kuaminika atakayeiona taarifa ya matumizi yake kila mwisho wa wiki, mkewe, kaka yake au imamu. Mikopo ya simu yenye riba nayo ni hivyo hivyo. Wengi huikopa kulipia kamari, kisha hukopa tena kulipia mkopo.

Mahali pa zile shilingi weka sadaka. Baada ya Alfajiri, tuma au tenga kiasi usichokihisi, shilingi 10 au 20, kila siku. Mama anayeuza mboga mlangoni pako huenda ndiye mwenye haki nayo kwanza.

Ijumaa

Oga, nukia, soma Suratul Kahf usiku wa kuamkia Ijumaa au mchana wake, zidisha salawati. Mapumziko ya mchana hayatoshi hotuba na swala kama msikiti uko mbali, kwa hivyo omba ruhusa ya kudumu ya Ijumaa kuanzia saa 6:30. Jamia hujaa hadi nje. Anayefika hotuba ikiendelea huswali barabarani.

Hatua ya 10: Kujihesabu, na kulipa

Imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.): jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Chukua daftari dogo, chora safu tano za swala na safu moja ya ulimi. Kila usiku baada ya Isha weka alama: kwa wakati, kwa kuchelewa, imepita. Usiandike zaidi ya hayo. Dada aliye katika hedhi aziache safu za swala, aendelee na nyiradi na safu ya ulimi, asijione amekatika. Mwisho wa wiki utaona swala gani ndiyo dhaifu yako. Kama ni Alfajiri, rudi hatua ya 2. Kama ni Magharibi, rudi ya 6. Usibadilishe ratiba nzima kwa sababu ya swala moja.

Swala ikikupita kwa usingizi au kusahau, Mtume (s.a.w.) amesema iswali unapoikumbuka, haina kafara isipokuwa hiyo. Umeamka jua limeshachomoza? Tia udhu uswali Alfajiri sasa hivi, pamoja na sunna yake, kabla ya chai. Usingoje Alfajiri ya kesho. Uliyeiacha kwa makusudi, tubia, kisha uilipe bila kuchelewa.

Mwenye deni la miaka, la ujana kabla hajashika dini, asikate tamaa wala asijaribu kulilipa lote Jumapili moja. Baada ya kila faradhi ya leo aswali kadha moja, yaani swala ya kulipa, ya zamani inayofanana nayo: Adhuhuri kwa Adhuhuri, Isha kwa Isha. Kwa mwendo huo deni la mwaka mmoja linalipika kwa mwaka mmoja. Mwanamke atoe siku zake za hedhi katika hesabu, maana hizo hazilipwi. Kama hukumbuki idadi, kadiria hadi moyo utulie kwamba hukupunguza, andika tarehe uliyoanza kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari, na uanze na swala inayofuata.